Mbawakawa wa madoa: anaishi wapi, anakula nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa bustani, wazazi wenye watoto wadadisi, na wale waliokuta kundi la wadudu wekundu dirishani wakashtuka. Yaliyo rahisi yametangulia, na yale ya nadra yako mwishoni. Swali likigusa jambo lililokwisha elezwa, utaelekezwa lilipo.

## Kumtambua

Mbawakawa wa madoa ni mdudu gani hasa?

Ni yule mdudu mdogo wa mviringo, tumbo bapa na mgongo uliobinuka kama nusu ya punje ya njegere. Mara nyingi ni mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi. Wapo wanaomwita ledibagi au ledibedi. Hapa tutamwita mbawakawa wa madoa, kwa sababu ni mbawakawa kamili. Mabawa yake ya mbele yamekuwa magamba mawili magumu. Yale ya kurukia, membamba kama ganda la ndani la kitunguu, hukunjwa chini ya magamba hayo.

Jamii yake kisayansi ni Coccinellidae, yenye spishi zipatazo 6,000. Wengi wana urefu wa kati ya milimita 1 na 10. Si wote wekundu: wako wa njano, wa kahawia, weusi wenye madoa mekundu, na wengine hawana doa hata moja.

Je, kuhesabu madoa kunaonyesha umri wake?

Hapana. Madoa ni alama ya spishi. Coccinella septempunctata ana madoa saba tangu ujana hadi kufa: matatu kila upande, na la saba limekaa mbele pale magamba yanapokutana. Adalia bipunctata kwa kawaida ana mawili. Harmonia axyridis anaweza kuwa nayo kumi na tisa au asiwe nalo kabisa, na bado wakawa ndugu wa tumbo moja.

Anapotoka tu kwenye bundo (hatua ya kutulia kati ya buu na mdudu mkomavu) huwa wa njano iliyofifia, laini, bila doa lolote. Madoa hujitokeza baada ya saa chache, na wekundu wenyewe huendelea kukolea kwa muda mrefu. Kwa hiyo kama kuna kitu kinachodokeza umri, ni ukolevu wa rangi.

Buu wake anafananaje?

Kama kuna swali moja la kusoma kwa makini katika ukurasa huu, ni hili. Buu hafanani hata kidogo na mzazi wake. Ni mrefu, wa kijivu au mweusi, ana miguu sita mbele na mwili unaochongoka kuelekea nyuma, na mgongoni ana vinundu na mabaka ya njano au chungwa. Ukimtazama kwa kioo cha kukuza utadhani ni mamba mdogo anayetambaa juu ya jani.

Watu wengi humponda wakidhani ndiye anayeharibu mmea. Mimi mwenyewe niliwaponda msimu mzima, nikashangaa kwa nini vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, wanazidi. Nilikuwa nawaua walinzi wangu kwa mikono yangu. Tafadhali, kabla hujaponda kitu cha namna hiyo kwenye shina lenye vidukari, kitazame dakika mbili kinafanya nini.

Wako pia mabuu waliofunikwa na nta nyeupe kama nyuzi za pamba. Wa Cryptolaemus montrouzieri ni mfano: anafanana na vidung'ata anaowala (wadudu wafyonza utomvu waliofunikwa na nta nyeupe), tofauti ni kwamba yeye ni mkubwa zaidi na hutembea upesi.

Mayai na bundo je?

Mayai ni ya njano, marefu kidogo, yamesimamishwa wima kwa kikundi chini ya jani, mara nyingi kati ya 10 na 50. Huanguliwa baada ya siku chache. Buu hujivua ngozi na kupita hatua nne kwa wiki mbili hadi nne, kisha hujigandisha kwenye jani na kuwa bundo kwa takriban wiki moja. Joto huharakisha yote haya, baridi huyachelewesha. Bundo ukiligusa huweza kujinyanyua ghafla kama linalosujudu na kuinuka. Hiyo ni njia yake ya kumfukuza anayemchokoza.

## Makazi

Mbawakawa wa madoa wanaishi sehemu gani za dunia?

Kila bara isipokuwa Antaktika. Wako misituni, mbugani, mashambani, kwenye majani ya kando ya barabara, kwenye miti ya mijini. Lakini kujua bara hakutakusaidia kumpata. Kanuni ya kweli ni fupi: tafuta chakula chake, yeye yuko hapo hapo.

Ndiyo maana spishi mbalimbali zimegawana mazingira. Coccinella septempunctata haringi. Anakaa kwenye mimea mifupi ya aina nyingi, popote palipo na vidukari. Anatis ocellata, ambaye ni mkubwa kuliko wenzake wengi, hupenda misonobari. Jamaa wa Chilocorus hukaa kwenye magome na matawi, kwa kuwa chakula chao, wadudu gamba (wafyonza utomvu wenye kifuniko kama gamba), kimegandia huko. Anisosticta novemdecimpunctata anaishi kwenye matete ya kinamasi, na mwili wake umekuwa mrefu na bapa kiasi cha kupenya kati ya majani yaliyobanana. Coccinella quinquepunctata hupatikana kwenye changarawe za kingo za mito, mahali ambapo mtu asingefikiria kumtafuta.

Nimtafute sehemu gani ya mmea?

Anzia kwenye machipukizi na vikonyo vya maua, kwa sababu vidukari hupenda sehemu laini zenye utomvu mwingi. Kisha geuza majani utazame upande wa chini. Ukiona majani yanang'aa na yananata, juu yake pana vidukari wanaodondosha majimaji matamu, inua macho. Sisimizi wanaopanda na kushuka shina kwa msafara ni dalili nyingine, ingawa sisimizi wenyewe ni shida (tazama swali la sisimizi chini ya "Bustanini").

Wakati wa baridi au ukame huenda wapi?

Hulala. Mwili hupunguza kazi zake karibu zote, na mdudu huishi kwa mafuta aliyojiwekea wakati wa neema. Hujificha chini ya magome, kwenye majani makavu, chini ya mawe, ndani ya mashina ya nyasi. Penye majira ya joto kali na ukame, wako wanaolala wakati huo badala ya baridi.

Wengi hulala kwa makundi, wakiitana kwa harufu, na kundi moja huweza kurudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka ijapokuwa waliokuwepo mwanzo walishakufa. Maarufu kuliko wote ni Hippodamia convergens wa magharibi mwa Marekani. Vidukari wanapopungua mabondeni California, yeye huruka hadi milima ya Sierra Nevada, na huko hukusanyika kwa maelfu na maelfu mpaka magogo na mawe yanageuka rangi. Majira yakibadilika hurudi mabondeni.

Kwa nini wanaingia ndani ya nyumba?

Wanatafuta ufa wa kulala. Mara nyingi ni Harmonia axyridis, ambaye kwao Asia ya Mashariki hujificha kwenye nyufa za majabali, na ukuta wako kwake ni jabali. Hawali mbao, nguo wala chakula, na hawazaliani humo ndani. Usiwaponde: watatoa majimaji ya njano yenye harufu na doa lisilotoka kirahisi. Wafagie taratibu kwenye karatasi, watoe nje, kisha ziba nyufa za madirisha kabla ya baridi ijayo.

Jana walikuwa wengi, leo hakuna hata mmoja. Wamekufa?

Yaelekea wamemaliza chakula wakaruka. Angalia kama wameacha mayai.

## Chakula

Wanakula nini?

Wengi ni wawindaji wa wadudu laini wanaofyonza utomvu. Vidukari ndio chakula kikuu cha spishi zinazojulikana zaidi. Wengine hula wadudu gamba, vidung'ata, nzi weupe, utitiri, na mayai ya wadudu wengine. Spishi nyingi ndogo zina uchaguzi mkali. Wale wa Stethorus, ambao hawazidi sana milimita moja, ni wala utitiri. Delphastus hula nzi weupe. Hao huwaoni kirahisi kwa sababu ni weusi na wadogo kama chembe ya pilipili manga, lakini kazi yao ni kubwa.

Wanakula kiasi gani?

Mkubwa hula makumi ya vidukari kwa siku chakula kikiwepo. Buu mmoja hula mamia kabla ya kuwa bundo, na sehemu kubwa ya chakula hicho hukila katika hatua yake ya nne, ya mwisho. Ndiyo maana bustani yenye mabuu kumi wanene iko salama kuliko yenye wakubwa kumi wanaorukaruka: buu hana mabawa, hawezi kuondoka, na kazi yake ni kula tu.

Anawindaje, na macho yake ni madogo hivyo?

Macho humsaidia kidogo tu. Buu hutambua windo akilifikia karibu kabisa, mara nyingi kwa kuligusa. Mfuatilie mmoja mwenye njaa. Anapanda shina kwa haraka, kichwa kinayumba kushoto na kulia, anampita kidukari aliyeko umbali mdogo bila kujua. Anafika ncha ya jani, anashikilia kwa mkia unaonata, ananyoosha mwili hewani, anapapasa, hakuna kitu, anageuka. Halafu anagonga mguu wa kidukari. Anamdaka, anamwinua kidogo ili miguu isipate pa kushika, na anaanza kumfyonza. Buu mchanga humtoboa, humtapikia majimaji ya kuyeyusha nyama, kisha huvuta. Kinachobaki ni ngozi iliyonywea. Buu mkubwa na mzazi hutafuna vyote, miguu na vipapasio.

Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata. Akishamla wa kwanza hatembei tena kwa haraka. Anapunguza mwendo na kuanza kugeukageuka mahali palepale. Vidukari hukaa kwa makundi, basi akipatikana mmoja wenzake hawako mbali. Asipopata kitu kwa muda, anarudia mwendo wake wa kwanza.

Vidukari nao hawakai wakingoja kuliwa. Hupiga mateke, hujiachia na kuanguka chini, na wengine hutoa nta ya kunata nyuma ya mwili pamoja na harufu ya kuwaonya wenzao. Mabuu wachanga wengi hufa njaa kwa kushindwa kumkamata hata mmoja.

Nimemwona kwenye ua anakula unga wa njano. Amebadilika kuwa nyuki?

Anakula chavua, na pengine anakunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua. Windo likiadimika, vyakula hivyo humweka hai na humsaidia kujaza mafuta ya kulalia. Lakini kwa spishi nyingi zinazokula vidukari, chavua peke yake haitoshi kumwezesha jike kutaga. Atasubiri nyama.

Je, wapo wanaokula mimea?

Wapo, na hapa ndipo sifa njema ya jamii nzima inapowaponza wakulima. Kundi la Epilachna na ndugu zake hula majani. Epilachna varivestis hushambulia maharage Amerika ya Kaskazini. Henosepilachna vigintioctopunctata, mwenye madoa ishirini na nane, hula viazi, bilinganya na jamaa zao. Henosepilachna elaterii hula mimea ya jamii ya matikiti na maboga.

Utawatambuaje? Mgongo wao una vinyweleo vifupi vinavyoufanya ufifie, wakati mla vidukari wa kawaida hung'aa kama aliyepakwa rangi ya mafuta. Mabuu wao ni wa njano, wamejaa miiba yenye matawi. Na jani lenyewe litakuambia: hukwanguliwa nyama yake na kubaki wavu wa mishipa.

Na ukungu?

Ndiyo. Psyllobora vigintiduopunctata, mdogo wa njano mwenye madoa meusi ishirini na mawili, hula ubwiri unga, ile hali ya majani kuonekana kama yamenyunyiziwa unga mweupe. Kumkuta kwenye jani ni ushahidi kwamba ugonjwa umeshaingia, usimtegemee kuumaliza.

Ni kweli kwamba hula wenzao?

Ni kweli, na ni jambo la kawaida kwao. Buu anayeanguliwa kwanza hula ganda la yai lake, kisha mara nyingi hula mayai ya jirani yaliyochelewa, ambayo ni ndugu zake. Mlo huo mmoja humpa nguvu ya kutembea mbali zaidi kabla ya kupata kidukari wa kwanza, na kama ulivyosoma katika swali la uwindaji, hapo ndipo wengi hufia. Jike naye hujihadhari: akinusa nyayo za mabuu kwenye jani, huenda kutaga kwingine.

## Bustanini

Nifanye nini waje na wakae?

Vumilia vidukari wachache. Ushauri huu huwaudhi watu, lakini bila windo hakuna mwindaji, na jike hatagi penye majani masafi. Acha kona yenye magugu na nyasi ndefu ili wapate vidukari wasio wa mazao yako. Panda maua madogo yaliyo wazi, kama ya bizari na giligilani, ambayo chavua yake inafikika kirahisi. Usichome majani makavu yote, humo wamelala.

Nikipiga dawa ya vidukari, wao watapona?

Mara nyingi hapana. Dawa zinazoua kila mdudu huwaua na mabuu wao, na waliosalia hukosa chakula. Kidukari huzaa bila kujamiiana na kizazi kipya huja kwa siku chache, ilhali mbawakawa wa madoa huhitaji wiki kadhaa. Basi vidukari hurudi kwanza, tena bila adui.

Mfano mkubwa uko California. Mdudu gamba Icerya purchasi alikuwa anaangamiza michungwa na milimau, ndipo Albert Koebele akatumwa Australia mwaka 1888, na Rodolia cardinalis akaletwa kutoka huko. Kufikia mwisho wa 1889 balaa lilikuwa limetulizwa. Miaka ya 1940 dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilipoanza kupigwa mashambani, Rodolia alikufa na mdudu gamba yule yule akafumuka upya. Dawa iliposimamishwa na Rodolia akarudi, balaa lilitulia tena.

Kwa bustani ndogo, mchirizi wa maji wenye nguvu kutoka kwenye bomba huwaangusha vidukari vizuri, na buu hushikilia imara kuliko wao.

Ninunue boksi la wadudu hawa niwaachie?

Sikushauri. Wengi wanaouzwa Marekani ni Hippodamia convergens waliokusanywa kutoka kwenye makundi ya milimani. Mdudu aliyeamka usingizini ana msukumo wa kuruka mbali kwanza, kwa hiyo wengi huondoka ndani ya siku chache. Aidha, huchukuliwa porini na huweza kubeba magonjwa na vimelea. Ndani ya banda lililofungwa hali ni tofauti, hasa kwa spishi zinazofugwa maalumu kama Cryptolaemus dhidi ya vidung'ata.

Sisimizi wanawafukuza. Nifanyeje?

Sisimizi hulinda vidukari ili wanywe majimaji yao matamu, na humng'ata au kumburuta yeyote anayewasogelea. Zuia sisimizi wasipande: kwa mti, zungusha utepe wenye gundi shinani na punguza matawi yanayogusa ukuta au ardhi. Mara nyingi hilo tu linatosha. Mabuu wenye nta hawasumbuliwi sana, kwa kuwa taya za sisimizi hujaa nta kabla ya kufikia nyama.

Je, wamewahi kuokoa kitu zaidi ya mazao?

Kisiwani St Helena, katika Atlantiki ya Kusini, mti Commidendrum robustum usiomea kiasili kwingine popote duniani ulikuwa unakauka kwa kushambuliwa na mdudu gamba Orthezia insignis. Mwaka 1993 aliletwa Hyperaspis pantherina, na mti ule ukapona. Nikifikiria mdudu wa milimita chache kusimama kati ya mti na kutoweka kwake, huwa nakosa neno.

## Maswali ya nadra

Yale majimaji ya njano ni mkojo?

Ni damu yake. Akitishwa huitoa kwenye viungo vya magoti. Ina alkaloidi chungu, na rangi kali ya mgongo ndiyo tangazo la uchungu huo kwa ndege. Kwa binadamu haina sumu ya kutisha, ingawa wachache hupata mzio wakiishi na makundi makubwa ndani ya nyumba. Harmonia axyridis wakisagwa pamoja na zabibu huharibu ladha ya mvinyo.

Anauma?

Anaweza kubana ngozi kidogo akionja jasho au chumvi. Hana mwiba wala sumu ya kuchoma.

Kwa nini Harmonia axyridis anasemwa vibaya, ilhali anakula vidukari?

Kwa sababu haishii hapo. Alipelekwa Marekani mara nyingi kuanzia 1916 kupambana na wadudu waharibifu, akaja kuenea mabara kadhaa. Uingereza alionekana 2004. Ni mkubwa, anazaa sana, na vidukari wakiisha hula mayai na mabuu wa spishi nyingine. Adalia bipunctata amepungua sana Uingereza na Ubelgiji tangu mgeni huyo aingie.

Mtoto wangu anataka kumfuga kwenye chupa. Atamlisha nini?

Vidukari hai, kila siku, na kipande cha pamba yenye unyevu. Sukari na majani ya letusi havitamtosha. Ni bora kumfuga buu: ndani ya wiki chache mtoto ataona bundo na kushuhudia madoa yakijitokeza. Mtenge na wenzake, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la kula wenzao, na akishakomaa mwachie palepale alipotolewa.

Nimemkuta amesimama juu ya kifukofuko cha nyuzi, anatetemeka na hatoki. Ana nini?

Ameingiliwa na nyigu mdogo, Dinocampus coccinellae. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mbawakawa aliye hai. Buu wa nyigu hukulia tumboni mwake, hutoka, kisha hufuma kifukofuko kati ya miguu yake. Mbawakawa hubaki amekikumbatia, karibu amepooza, na kutetemeka kwake pamoja na rangi yake huwafukuza wanaotaka kumla nyigu aliyemo. Usimbandue. Wengi hufa hapo hapo, lakini wako ambao, nyigu akisharuka zake, hurejewa na nguvu, wakashuka na kuanza tena kutafuta vidukari.